Neno Lililotupwa na Sikio

Siku ya kwanza ya kikao Mama Bupe alikuja na chupa ya chai, sahani ya maandazi iliyofunikwa kitambaa, na daftari la mistari kwapani. Aliviweka vyote juu ya meza yangu, kwenye makaratasi ya serikali, akaniamkia, akaketi bila kungoja kukaribishwa. Nilimpenda papo hapo, ingawa nilijua kwamba kabla ya wiki kwisha tungekuwa tumeshagombana.

Binti yake Bupe, mwenye miaka saba, alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya dirisha. Alimwaga kokwa za parachichi kutoka mfuko wa sweta, akaanza kuzipanga sakafuni kwa ukubwa, kubwa kushoto, ndogo kulia. Bupe husema maneno machache, mengi yakiwa majina ya vitu, na huyasema kwa usahihi wa karani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kifundo hadi kwenye vidole. Chini ya bandeji kulikuwa na alama za meno yake mwenyewe.

Wa tatu mezani alikuwa Hokororo, mchambuzi wa tabia aliyehamishiwa kituo chetu cha tathmini ya watoto hapa Tukuyu miezi minane iliyopita kutoka kusini kwenye jua. Ni kijana wa miaka ishirini na tisa, nadhifu kupita kiasi, ambaye bado hajaelewana na mvua ya Rungwe na siku hiyo alikuwa amevaa makoti mawili. Yeye huniita mama, nami humwita mwanangu, hasa ninapotaka kumkatalia jambo.

Na wa nne alikuwa Sikio.

Kwa macho, Sikio ni kifungo tu cha sweta. Mtoto hukivaa siku kumi na nne, nyumbani na shuleni, nacho hunasa sauti, mapigo ya moyo na pumzi, kikapanga kila tukio: kilichotangulia, kilichotendeka, kilichofuata. Mwisho hutoa sababu. Niligusa meza, na sauti ya binti mmoja mchangamfu ikasoma: "Bupe Mwaisaka. Matukio ya kujing'ata, arobaini na moja. Sababu: kukwepa kazi. Uhakika: asilimia tisini na moja."

Sauti ile ni yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipopewa kazi ya kulifundisha Sikio Kiswahili, na kwa kuwa nilikuwa karibu na kipaza sauti kuliko wenzangu, wakachukua na sauti. Sasa nina sitini na moja na koo langu linakwaruza kama mlango wa ghala. Kila ninapomsikia yule binti namwonea wivu, na namwogopa kidogo, maana katika miaka yote hii sijamsikia akisitasita hata mara moja.

Hokororo akatoa matokeo yake. Katika chumba chake cha majaribio alikuwa amempa Bupe kazi, akaona ameng'ata mara chache. Alimwacha acheze, hakung'ata kabisa. Alipomgeuzia mgongo na kujifanya anasoma gazeti, mtoto aling'ata mkono mara tisa katika dakika kumi. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa Sikio, hakwepi kazi. Anatafuta kuangaliwa.

Fomu ya mzazi ilikuwa na mistari kumi ya kujazwa. Mama Bupe alikuwa amejaza mmoja, tena kwa neno moja: Anauliza.

Nikamwuliza anauliza nini.

"Sijui, mwalimu," alisema. "Ningejua ningemjibu."

Hokororo aliangalia chini kwa adabu. Mimi nilimimina chai, kwa sababu fomu yenye neno moja huhesabiwa kuwa haikujazwa, na sikutaka kuwa wa kwanza kumwambia.

* * *

Niseme kilichokuwa mbele yetu, maana bila hicho mtu ataona tulikuwa tunabishania maneno.

Tulizo ni punje ndogo, kama ya ulezi, huwekwa nyuma ya sikio la mtoto kwa dakika tano bila kumwaga damu. Hamu ya kujiumiza inapoanza, punje huisikia na kuififisha kabla mkono haujainuka. Linafanya kazi. Nimeona watoto waliokuwa wakijigonga ukutani mpaka kupasuka paji la uso wakikaa wametulia siku hiyo hiyo, na mama zao wakilala usingizi wa kwanza baada ya miaka.

Ila punje lazima iambiwe iififishe hamu ipi. Ikiambiwa mtoto anakwepa kazi, itafifisha ile hali ya kutotaka. Ikiambiwa anatafuta kuangaliwa, itafifisha kule kutaka mtu amtazame. Ikishaambiwa hufungwa, ubongo wa mtoto hukua ukiizunguka, na hakuna fundi wa kuifungua. Ndiyo maana sheria inataka tathmini tatu: ya Sikio, ya mchambuzi na ya mzazi. Zikitofautiana, wahusika hukaa siku saba katika kikao cha mwafaka pamoja na mwenye kuidhinisha punje, ambaye hapa ni mimi. Wakikubaliana kwa maandishi, na Ofisi ya Kanda inayotusimamia ikaridhika na ushahidi wao, neno lao ndilo linalopita. Wasipokubaliana, neno la Sikio ndilo linalosimama, na siku ya nane mtoto anawekewa punje.

Nilimweleza Mama Bupe hayo yote taratibu, nikidhani atalia au atatukana. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mimi sijakataa hicho kipunje," alisema. "Nimechoka, mwalimu. Kila asubuhi namfunga bandeji upya. Lakini nataka kwanza kijue kinazima nini. Asije akazimwa mwanangu nikaachiwa mtoto mtulivu nisiyemjua."

Hapo tukagombana. Nilimwambia kwamba Sikio limesikiliza saa mia tatu na zaidi bila kuchoka wala kupenda wala kuchukia. Hokororo akasema kusikiliza si kujaribu, na kwamba chumba chake ndicho pekee ambapo kitu kimoja hubadilishwa huku vingine vikiachwa vilevile. Tulirushiana hoja nzuri nzuri mpaka chai ikapoa. Mama Bupe alingoja tumalize, kisha akauliza kama sauti zenyewe bado zipo, au tumebakiwa na karatasi tu.

Zilikuwepo. Sikio hutunza sauti siku thelathini kabla ya kuzifuta. Katika miaka yangu yote pale, hakuna aliyewahi kuziomba, maana maandishi yake yanatosha na kusoma ni haraka kuliko kusikiliza.

"Basi tusikilize," alisema, akafungua daftari. "Mimi ni katibu wa kwaya. Kwenye vikao vya kwaya kila mtu hukana alichosema wiki iliyopita, kwa hiyo mimi huandika kila kitu."

* * *

Tulisikiliza mchana ule na siku ya pili nzima. Nisingedhani kazi ile ingekuwa na raha, lakini ilikuwa nayo. Tulisikia mvua kwenye bati la Mama Bupe, tukasikia darasa zima likisoma silabi kwa pamoja, tukamsikia Bupe akitaja kwa mpangilio majina ya kuku wote wa jirani. Hokororo alicheka mpaka akavua koti moja. Kisha kilio kilikuja, na kimya cha meno kwenye ngozi, na hakuna aliyecheka. Mama Bupe aliandika bila kuinua kichwa, na mara mojamoja alifuta jicho kwa upande wa kiganja kana kwamba ni jasho.

Siku ya tatu asubuhi alinijia na daftari lake na karatasi za Sikio, amezifungua pamoja.

"Mwalimu Sekela, mashine yenu inakula maneno."

Nilimwambia haiwezekani. Akaniwekea kidole. Tukio la kumi na saba: kwake mwalimu wa darasa alikuwa amesema, "Haya, Bupe, leta daftari." Kwenye karatasi ya Sikio kulikuwa na "Bupe, leta daftari." Tukio la kumi na nane, nyumbani, yeye mwenyewe akimshusha mtoto mapajani: "Haya, mama, shuka." Sikio lilikuwa limeandika "Mama, shuka." Tukio la kumi na tisa, hivyo hivyo.

"Haya imekwenda wapi?" aliuliza.

Nilijua ilikokwenda. Nilijua mpaka ukurasa. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandaa orodha ya maneno ya kujazia, yale ambayo watu huyatoa mdomoni wakati wanatafuta maneno yenyewe: eti, yaani, basi, sasa, ee, kumbe, haya. Yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Wakubwa walinisifu sana kwa orodha ile kwa sababu ilifanya maandishi ya Sikio yawe safi na mafupi. Kila neno lililokuwemo, Sikio hulisikia na kulitupa kabla halijaanza kufikiri.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba nilinyamaza kwa muda wa kula andazi moja, na nililila polepole. Kisha nikawaambia.

Hawakunilaumu. Hokororo alivuta kiti, akachukua kalamu nyekundu, tukaanza kuhesabu. Katika matukio arobaini na moja, thelathini na nane yalitanguliwa na neno lile, pumzi moja au mbili kabla. Yaliyobaki matatu hatukuyaelewa, na tukaandika kwamba hatukuyaelewa.

"Lakini si kwenye chumba changu," alisema Hokororo. "Kule nafuata maneno yaliyoandikwa. Neno hilo silitumii."

Nikaweka sauti ya chumba chake. Tulimsikia akimpa mtoto kazi: haya. Tukamsikia akimgeuzia mgongo na kufungua gazeti: haya. Akirudi: haya. Akifunga kipindi: haya, haya, vizuri. Alipokuwa akimwacha acheze ndipo pekee alipokuwa kimya, na ndipo mtoto alipokuwa salama. Kijana wa watu alisikiliza mpaka mwisho, masikio yamemwiva.

"Kumbe nalisema," alikiri. "Haya, tuangalie kipindi cha pili."

Kwenye kona ya dirisha, ambako alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka uani, mkono wa Bupe ulikuwa umeshafika mdomoni.

Mama yake alimfikia kabla sisi hatujasimama. Alimkumbatia, akampuliza kwenye nywele mpaka mtoto alipolegea. Sisi wawili tulibaki tumesimama na kalamu zetu. Miaka thelathini na mitano nimefanya kazi hii, na sijawahi kujiona mjinga kama dakika ile, wala sijawahi kumpenda mtoto wa mtu kama dakika ile.

Fikiria tu. Tunamwita mtoto kwa haya na kumfukuza kwa haya. Tunaanza kazi nayo, tunaimaliza nayo, tunakubali nayo, tunambembeleza anayelia nayo, tunamuaga mgeni nayo mlangoni. Sisi wengine huitambua maana yake kwa uso wa msemaji, kwa mkono, kwa saa. Bupe hana njia hizo. Yeye huchukua neno kama lilivyo, na neno hili lilimwambia kwamba jambo linabadilika sasa hivi bila kumwambia ni lipi. Linaanza au linakwisha, anashikwa au anaachwa, hakuna aliyemjulisha. Kazini ilionekana anakwepa kazi. Alipogeuziwa mgongo ilionekana anataka kutazamwa. Tulikuwa tumeona kitu kimoja kutoka milango miwili, kila mmoja akaapia mlango wake.

* * *

Hokororo alitaka jaribio, na alikuwa na haki. Kuhesabu sauti za zamani kunaonyesha yanayoandamana, si yanayosababisha. Alipendekeza siku tatu: nusu ya vipindi tutumie neno lile makusudi, nusu tutumie maneno mengine, tulinganishe.

Mama Bupe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Hakupandisha sauti. Alisema hatamruhusu mtu yeyote, hata kwa nia njema, amwambie mtoto wake neno linalomwumiza ili tu aone kama litamwumiza.

"Bila hivyo Ofisi ya Kanda watasema hatuna uhakika, mama," Hokororo alimwambia, na niliona hakuwa akibishana bali anaogopa. "Na tukikosa uhakika, punje itawekwa."

Walinigeukia mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sheria iliweka siku saba. Kila mmoja alikuwa anamlinda mtoto yule yule. Nikasema tutafanya upande mmoja tu: kila linapoanza jambo tutasema "tunaanza" na jina lake, kila linapokwisha tutasema "tumemaliza." Sauti tulizokuwa nazo zitahesabiwa kuwa ndizo za kabla. Ushahidi utakuwa dhaifu kidogo, na nitautetea mimi. Hokororo alifikiri, akakubali. Mama Bupe akaandika makubaliano kwenye daftari na kututaka tutie saini, kana kwamba sisi ni wanakwaya.

Ushahidi haukuwa dhaifu hata kidogo, kwa sababu ambayo hatukuipanga. Ndimi zetu zilitusaliti. Asubuhi ya siku ya nne, dakika ya sita, mimi mwenyewe nilimpokea Hokororo kikombe na kumwambia haya mwanangu asante. Mchana Mama Bupe alilitoa akifunga kamba za viatu. Hokororo, ambaye alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa ukutani na kulipiga msalaba, alilisema akitusomea pale ukutani. Hata gari la kituo, ambalo halina dereva na lilifundishwa kusema na yule binti wa miaka ishirini na sita, lilitufungulia mlango na kutuambia kwa furaha, "Haya, karibuni." Tulikibandika kipaza sauti chake plasta.

Kwa siku tatu neno lilituponyoka mara kumi na moja, na kila mara Hokororo aliandika huku uso umemshuka. Katika hizo kumi na moja, Bupe alijing'ata mara tisa. Tulipobadilisha jambo kwa maneno mapya, mara sitini na nne, alijing'ata mara tatu.

Mara ya kumi na moja ilikuwa siku ya sita, kabla ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imekatika, na Mama Bupe alikuwa anamnawisha mikono bintiye kwenye beseni la uani, bandeji imeondolewa ili jeraha lipate hewa. Alikuwa amechoka. Akakung'uta maji, akasema, "Haya, mwanangu."

Alijiziba mdomo palepale. Mkono wa Bupe ulipanda hadi kifuani. Ukasimama hapo. Mtoto alimtazama mama yake kidevuni, maana huwa hatazami macho, akauliza, "Kuanza au kumaliza?"

Mama Bupe alikaa chini, kwenye saruji yenye maji, na kanga yake yote.

"Kumaliza, mama," alimjibu. "Tumemaliza kunawa. Sasa tunaanza kula."

"Kula," alisema Bupe, akaingia ndani.

Hokororo alikuwa ameshika kalamu na hakuandika. Nilimnyang'anya karatasi nikaandika mimi, saa na maneno. Nilimwinua Mama Bupe kwa mikono miwili. Alikuwa analia na kucheka, na alinipiga kidogo begani, mara mbili, kama mtu aliyenidai jibu kwa muda mrefu na sasa amelipata kwa mtu mwingine.

* * *

Siku ya saba tuliandika mwafaka. Sehemu kubwa ilikwenda vizuri. Sababu: mtoto hajulishwi mabadiliko yanayomhusu, kwa sababu neno tunalotumia kumjulisha lina maana zinazopingana. Tiba: maneno mawili yaliyo wazi, nyumbani na shuleni, na kumfundisha kuuliza kwa mdomo anapokosa kujua. Tulizo: halihitajiki. Mama Bupe alisoma mstari huo mara tatu, akaugusa kwa kidole.

Kisha tukafika kwenye kisanduku cha mwisho: Chanzo cha tofauti ya matokeo.

Hokororo aliweka kalamu chini. Alizungumza kwa upole, na najua alizungumza kwa kunipenda. Alisema tunaweza kuandika kwamba mzazi alileta taarifa za nyongeza. Si uongo. Bupe atakuwa salama vivyo hivyo. Lakini tukiandika habari za orodha, basi kila tathmini iliyofanywa na Sikio tangu mwanzo itakuwa na shaka, na watoto waliowekewa punje kwa tathmini hizo ni zaidi ya elfu tatu. Punje hazifunguki. Wazazi wao wana amani. Tutawapa nini zaidi ya majuto? Na mimi nimebakiza miezi mitano nistaafu.

Nilikuwa nimeshajiambia hayo yote tangu siku ya tatu, tena kwa maneno mazuri kuliko yake. Nilikuwa namfikiria Tumpale. Ni binti wa hapa hapa Tukuyu, sasa ana miaka kumi na tano, na punje yake niliidhinisha mimi alipokuwa na sita. Kukwepa kazi, asilimia themanini na nane. Kila Jumapili mama yake hunisubiri mlangoni mwa kanisa anishike mkono na kunishukuru, na Tumpale husimama kando yake, ametulia.

Nilimwuliza Mama Bupe anaonaje.

"Sitaki uaibike, mwalimu," alisema. "Umekunywa chai yangu wiki nzima. Lakini ingekuwa Bupe ndiye aliyewekewa, mwaka juzi, ningetaka kuambiwa. Hata kama hakuna dawa. Ningetaka nijue nilikuwa nakaa na nani nyumbani."

Nikachukua kalamu. Niliandika kwamba Sikio hutupa maneno mia mbili na kumi na mawili kabla ya kuchambua, kwamba mojawapo ndilo lililokuwa likitangulia matukio ya mtoto huyu, kwamba huenda ndivyo ilivyo kwa watoto wengine, na kwamba orodha niliiandaa mimi, Sekela Mwakalinga, nikiamini nafanya vyema. Niliomba tathmini zote zisikilizwe upya, na punje mpya zisimamishwe mpaka hapo. Nikatia saini. Hokororo alikaa kidogo, akavua na lile koti la pili, akasaini chini yangu. Mama Bupe akasaini kwa jina lake mwenyewe, Tusekile, ambalo wiki nzima sikuwa nimeliuliza.

* * *

Barua ya Kanda ingechukua wiki mbili kuwafikia wazazi. Sikutaka mama Tumpale aipate kwenye karatasi, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikaenda kwake kwa miguu.

Alinifurahia mno. Alifuta kiti, akanichemshia chai kwa tangawizi, akauliza habari za magoti yangu. Tumpale alikuwa jikoni kwenye kigoda, anamenya ndizi mbichi na kuzitumbukiza kwenye sufuria ya maji, moja baada ya nyingine, bila haraka na bila kuinua uso. Niliongea nikimwangalia mama yake. Nilimweleza yote: orodha, neno, jinsi tulivyokosea, na kwamba niliyemwidhinishia punje ni mimi. Sikuficha kitu na sikujitetea, ingawa ulimi ulitaka.

Chai yake ilikuwa mkononi na hakuinywa.

"Uliniambia anakwepa kazi," alisema hatimaye. "Kabla hujamwekea nilikuwa namchapa, mwalimu. Nilidhani ni mvivu."

Nilimwambia najua. Sikuwa najua, lakini nilitaka asibaki nalo peke yake. Aliniuliza kama inafunguka, nikasema haifunguki. Aliniuliza kama mule ndani bado anataka kuuliza, au hata kutaka kumezimwa. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna anayejua, kwa sababu hatukuwahi kuwasikiliza baada ya kunyamaza.

Nikainuka niende. Nilidhani ndilo analotaka.

"Kaa," alisema. "Baba yake anarudi saa sita. Utamwambia wewe mwenyewe."

Nikakaa.

Aliweka kikombe chini, akaenda jikoni, akachutama mbele ya kile kigoda. Kwa miaka tisa, aliniambia baadaye, alikuwa hamwambii binti yake yanayokuja, kwa sababu binti hakuwa na shida tena, alikwenda popote alikoongozwa kwa mkono. Akamshika mikono yote miwili, yenye utomvu wa ndizi.

"Tumpale, mwanangu," alisema. "Mwalimu anabaki nasi mpaka saa sita. Baba atarudi, tutakula ndizi hizi. Baada ya kula mwalimu ataondoka. Wewe huendi popote. Wewe na mimi tunabaki hapa nyumbani."

Tumpale alitazama mikono yao kwa muda, kisha akakivuta kigoda chake mbele, kidogo kidogo, mpaka magoti yake yakagusa ya mama yake.